Mlango wa Dharura katika Sheria za Ununuzi wa Serikali Tanzania

Katika nchi yo yote mnunuzi aliye mkubwa kuliko wote ni serikali. Ndiyo inunuayo reli na madaraja, dawa za hospitali, madawati ya shule, mafuta ya magari na karatasi za ofisini. Nayo hununua kwa fedha isiyo ya yule anayeshika kalamu. Mtu anunuapo ng'ombe kwa fedha yake mwenyewe humtazama meno na kwato, akavutana na mwenye ng'ombe juu ya bei mpaka jua likatua, maana akidanganyika hasara ni yake na ya watoto wake. Karani anunuaye kwa fedha ya Hazina hana uchungu huo, na pengine anayo sababu ya kupendezwa na bei iliyo kubwa. Kwa hiyo watawala wa kila zama wameweka kanuni za kununulia, ili kutia uchungu pale ambapo kwa maumbile haupo.

Katika Tanzania Bara kanuni hizo zimeandikwa upya mara nyingi. Sheria ya 2001 ilifutwa na ile ya 2004, ya 2004 ikafutwa na ya 2011, na ya 2011, baada ya kurekebishwa 2016, ikafutwa na ya 2023. Zanzibar ina sheria zake yenyewe, nazo zataka maelezo ya peke yake. Aghalabu mambo haya husimuliwa kana kwamba ni ngazi, kila sheria ikiwa kidato kilicho juu ya kile kilichotangulia. Masimulizi hayo yana ukweli wake, walakini yanaficha jambo moja. Hasara kubwa ambazo watu wa nchi hii wanazikumbuka kwa majina aghalabu hazikutokea kwa kukosekana kanuni. Kanuni zilikuwapo, na baadhi yake zilikuwa nzuri. Zilizungukwa kwa kupitia mlango mmoja ambao kila mtunga sheria ameuacha wazi, wala hakuwa na njia ya kuufunga kabisa, nao ni mlango wa dharura.

Neno zabuni lenyewe lastahili kutazamwa kidogo. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni mteja, mtu ajaye kununua. Waswahili walilitumia katika habari za mnada: kuzabuni ni kutaja bei juu ya bei ya mwenzio, na mshindi ni aliyetaja bei ya juu kabisa. Katika ununuzi wa serikali neno limegeuzwa kichwa chini miguu juu: mzabuni si mnunuzi bali ni muuzaji, na ashindaye, mambo mengine yakiwa sawa, ni mwenye bei ya chini. Tena katika mnada watu wote husikia bei zinapotajwa. Katika zabuni kila mtu huandika bei yake kwa siri, akaitia katika bahasha iliyofungwa, na bahasha zote hufunguliwa saa moja mbele ya wote waliozileta. Nguvu ya utaratibu huu imo katika mambo mawili tu, siri kabla ya saa ile na uwazi baada yake. Avunjaye moja ya hayo mawili ameuvunja utaratibu mzima.

Enzi ya Waingereza, Tanganyika haikujinunulia vitu vyake yenyewe, ila vile vilivyopatikana kwa wafanyabiashara wa papo hapo. Vitu vikubwa vya kutoka ng'ambo, kama vichwa vya treni, reli, mitambo na hata stempu za posta, viliagizwa kwa kupitia Crown Agents, ofisi ya London iliyoanzishwa 1833 kuwa wakala wa pamoja wa makoloni. Ofisi hiyo ilinunua, ikakagua, ikapakia melini, na pia ikayatafutia makoloni mikopo katika soko la fedha la London. Watumishi wake walisifiwa kwa uangalifu. Walakini hawakuwa na desturi ya kutangaza zabuni kwa watu wote. Waliwaandikia wafanyabiashara waliokuwa katika orodha yao, na orodha hiyo ilikuwa ya Waingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye viwanda walioachwa nje walilalamika, na uchunguzi ukafanywa, lakini desturi haikubadilika sana.

Hapa pana jambo ambalo halitajwi mara nyingi. Tanganyika haikuwa koloni. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Chama cha Mataifa, na hati ya udhamini iliyothibitishwa 1922 iliwapa raia wa nchi zote za Chama hicho haki sawa katika biashara. Ibara ya 7 ya hati hiyo iliandika usawa huo kwa maneno mapana, kisha ikaondoa kitu kimoja: Serikali yenye udhamini iliachiwa huru kupanga kazi za lazima za umma kwa masharti ambayo yenyewe iliyaona kuwa ya haki. Kwa hiyo hati ileile iliyofungua milango ya biashara kwa mataifa iliufunga mlango wa kandarasi za serikali, na ufunguo ukabaki London. Tangu mwanzo, basi, kanuni na kinga ya kanuni ziliandikwa katika karatasi moja.

Mfano mkubwa wa kwanza wa haraka ulikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, nao ni Mpango wa Karanga. Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na foleni za wake wa nyumbani zilikuwa jambo la siasa. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa tawi la Unilever, alitoa shauri la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulitembea nchini majuma machache ukaandika taarifa. Mwanzoni mwa 1947 mpango ulitangazwa: ekari 3,210,000 zilimwe, sehemu iliyo kubwa zaidi Tanganyika, kwa gharama ya paundi zipatazo milioni 25. Shirika la serikali la kuuendesha lilikuwa bado halijaundwa. Basi kazi ilikabidhiwa United Africa Company yenyewe iwe wakala mpaka shirika litakapokuwa tayari. Hapakuwa na zabuni. Aliyetoa shauri ndiye aliyepewa kazi, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kungoja ni kupoteza msimu.

Matokeo yanafahamika, ila yanafaa kuelezwa kwa macho ya mnunuzi, kwa kuwa wengi huyaeleza kwa macho ya mkulima, wakisema habari za udongo wa Kongwa unaokauka ukawa kama saruji na mvua zisizotosha. Hayo ni kweli. Lakini kabla ya jembe kugusa udongo huo, mashine zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Viwanda vilikuwa vimejaa maagizo ya miaka, na matrekta mapya hayakupatikana upesi. Kwa hiyo wanunuzi walikwenda kuyatafuta yaliyotumika, na mengi yalipatikana Ufilipino katika mabaki ya jeshi la Marekani. Yalifika Dar es Salaam, yakapelekwa Kongwa, na sehemu kubwa yake ikawa mbovu karibu na siku ya kwanza, bila vipuri wala karakana ya kutosha. Kiwanda cha Vickers nacho kiligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Anunuaye kitu kilichotumika bila kukiona, katika nchi nyingine, kwa haraka, hununua habari tu. Mwisho wa 1947 ekari zilizokuwa tayari kwa kupandwa zilikuwa kama 7,500.

Shirika la Overseas Food Corporation lilichukua kazi Machi 1948. Katika taarifa yake ya kwanza, iliyotoka 1949, wakaguzi wa hesabu walisema waziwazi kwamba vitabu vya hesabu havikuwekwa kama ipasavyo. Huenda neno hilo likaonekana dogo mbele ya paundi zaidi ya milioni 36 zilizofutwa Januari 1951, nalo kwa kweli ndilo kubwa. Hasara ya mvua hupimika. Fedha iliyotoka bila kuandikwa haiwezi kupimika, wala aliyeichukua hawezi kuulizwa, na aliyekuwa mwaminifu hawezi kujitetea.

Wananchi wa Tanganyika hawakuombwa ruhusa ya mpango ule, wala si wao waliolipa sehemu kubwa ya hasara. Walipa kodi wa Uingereza ndio waliolipa. Lakini mafunzo yake yaliachwa nchini pamoja na mabati ya Kongwa. Tanganyika ilipopata Uhuru 1961, kanuni za fedha ziliwekwa katika Sheria ya Hazina na Ukaguzi ya mwaka ule, Sura ya 439, na chini yake zikawako Amri za Fedha zilizoeleza namna ya kununua, kupokea na kutunza vifaa bohari. Bodi Kuu ya Zabuni ilikaa Hazina, na zabuni kubwa zote za wizara zikapita mikononi mwake. Ufunguo ulikuwa umehama kutoka London kuja Dar es Salaam, na bahasha zikafunguliwa mbele ya watu waliosema Kiswahili. Jambo hilo lilikuwa na heshima yake.

Kwa muda wa miaka 40 utaratibu huo ulidumu bila sheria yake mahsusi. Ulikuwa wa amri na waraka, mtu akitaka kuujua ilimlazimu akusanye karatasi za Hazina za miaka mingi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 yaliongezeka mashirika ya umma, kila moja likiwa na bodi yake na desturi yake. Tena sehemu kubwa ya ununuzi wa nchi haikupita katika zabuni hata kidogo, kwa sababu mwenye kutoa mkopo ndiye aliyeuza. Reli ya TAZARA ndiyo mfano ulio mkubwa. Mataifa ya magharibi yalipokataa kuijenga, China ilikubali, na mapatano yakatiwa sahihi Peking Septemba 1967. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988 bila riba, mafundi na vifaa vikatoka China, na hata gharama za hapa nchini zililipwa kwa kununua bidhaa za Kichina na kuziuza madukani. Kilomita 1,860 zilijengwa kati ya 1970 na 1975, kabla ya muda uliowekwa. Mpenda kanuni anaweza kusema kwamba pale hapakuwa na ushindani. Ni kweli hapakuwa, maana hapakuwa na mshindani. Na nchi ambayo ingengoja mzabuni wa pili ingekuwa inangoja mpaka leo. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu anayedhani kwamba ununuzi bila zabuni ni wizi tu. Si hivyo. Tofauti ya TAZARA na Mpango wa Karanga haikuwa katika kufungua bahasha. Ilikuwa katika kupima njia kwa miguu, kilima kwa kilima, kabla ya kutandika reli.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya uhaba, na miaka ya 1990 ya mageuzi. Habari zake za ununuzi ni fupi. Wakopeshaji walitaka zabuni za kimataifa kwa kila mradi walioutolea fedha. Mwaka 1994 tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa ilitoa sheria ya mfano ya ununuzi wa umma, na nchi nyingi zikainakili, Tanzania ikiwa mojawapo. Mwaka 1996 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa taarifa yake juu ya kero ya rushwa, na kandarasi za umma, za barabara zikiwamo, zilikuwa kati ya mambo iliyoyataja kwa ukali.

Hatimaye ikaja Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 3 ya 2001, ya kwanza ya aina yake katika nchi. Kwa mara ya kwanza raia aliweza kushika kitabu kimoja akasoma jinsi serikali yake inavyotakiwa kununua. Ila ilikuwa na kasoro ya wazi: Bodi Kuu ya Zabuni iliachwa iwe mwidhinishaji wa zabuni kubwa na papo hapo iwe msimamizi wa utaratibu wote. Mchezaji alipewa filimbi. Aliyeonewa na uamuzi wa Bodi hakuwa na pa kwenda isipokuwa karibu na mlango wa Bodi ileile.

Mwaka uleule wa 2001 palikuwa na jambo ambalo halikuwa la dharura, bali lilikuwa na kinga iliyo ndugu yake, nayo ni usalama wa taifa. Rada ya kuongozea ndege ilinunuliwa kwa kampuni ya Kiingereza, BAE Systems, kwa paundi kama milioni 28. Watu wengi, hata ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, walisema kwamba ilikuwa ghali na kubwa kuliko haja ya nchi. Mwisho wa habari ile ulikuja Desemba 2010 katika mahakama ya London, ambapo kampuni ilikiri kosa la kutoweka kumbukumbu za hesabu za kutosha kuhusu malipo ya dola milioni 12.4 kwa mtu wa kati. Haikushitakiwa kwa kuhonga; ilishitakiwa kwa vitabu. Ilitozwa faini ya paundi 500,000, na ikaahidi kulipa paundi milioni 29.5 kwa ajili ya watu wa Tanzania, ambazo zilifika 2012 zikanunulia vitabu vya shule na madawati. Kumbe vitabu vya hesabu vilivyokosa kuandikwa vyema viligeuka kuwa vitabu vya kusomea watoto. Lakini haikuwa sheria ya Tanzania iliyoleta hayo.

Sheria Na. 21 ya 2004 ndiyo iliyokuwa mageuzi ya kweli. Ilivunja Bodi Kuu ya Zabuni, ikaigawa kazi yake. Kila wizara, halmashauri na shirika likawa na bodi yake ya zabuni, kitengo chake cha ununuzi na Afisa Masuuli wa kuulizwa. Mamlaka ya udhibiti ikaundwa ili kutazama bila kununua, na mamlaka nyingine ya kusikiliza rufani za wazabuni. Sheria iliamuru kwamba hao wote wafanye kazi kila mmoja kwa uhuru wake: aitakaye bidhaa si aitathminiye, aitathminiye si aidhinishaye. Kanuni za 2005 zilizotoka chini yake zilikataza kununua mitambo iliyokwisha kutumika. Mtu anayekumbuka matrekta ya Ufilipino ataelewa upesi maana ya katazo hilo.

Sheria hii ilijaribiwa kabla haijakomaa. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua zilikosekana, maji ya mabwawa yakapungua, na umeme ukawa wa mgawo. Shirika la umeme, TANESCO, liliita zabuni ya mitambo ya kukodi. Wazabuni waliojitokeza hawakutimiza masharti. Katika hali ya kawaida jibu lingekuwa kuita tena. Lakini nchi ilikuwa gizani, viwanda vimesimama, wenye saluni na wauza samaki wanalia, na shauri lilichukuliwa juu ya kichwa cha shirika. Tarehe 23 Juni 2006 mkataba wa megawati 100 ulitiwa sahihi na kampuni iitwayo Richmond Development Company. Mitambo ilichelewa. Mvua zikaanza kunyesha kabla haijafanya kazi. Mwisho wa mwaka mkataba ulihamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na Bunge likaambiwa baadaye kwamba gharama ya kuwa nayo tu mitambo ile ilikuwa kama shilingi milioni 152 kwa siku.

Kamati Teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe iliundwa Novemba 2007, na taarifa yake ikasomwa Februari 2008. Ilisema kwamba Richmond haikuwa na uwezo wa kazi ile na kwamba sheria ya ununuzi ilikiukwa. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, akisema hakupewa nafasi ya kusikilizwa na Kamati. Mawaziri wawili nao walijiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Hapajapata kutokea katika historia ya nchi kwamba jambo la zabuni likaangusha serikali hivi.

Watu wengi huikomesha habari hapo, penye kishindo. Sehemu iliyobaki haina kishindo, nayo ina uzito zaidi kwa mwanafunzi wa sheria. Mwaka 2008 TANESCO ilivunja mkataba, ikisema ni batili tangu mwanzo kwa kuwa ulipatikana kinyume cha Sheria ya 2004. Dowans ilikwenda kwa wasuluhishi wa chama cha kimataifa cha wafanyabiashara, na Novemba 2010 wasuluhishi waliikataa hoja hiyo, wakaiamuru TANESCO ilipe dola zaidi ya milioni 65. Kwa mtu wa kawaida uamuzi huo ulikuwa kama kejeli: sheria imevunjwa, Bunge limesema imevunjwa, mawaziri wameondoka, na aliyefaidika bado analipwa. Lakini mbele ya wasuluhishi kila sahihi ilikuwa ya mtu mwenye cheo. Serikali ikivunja kanuni zake yenyewe, ni shida kwake kusimama baadaye na kuomba kinga ya kanuni hizo dhidi ya mtu wa nje. Kanuni ya ununuzi ina manufaa kabla ya sahihi. Baada ya sahihi hubaki kuwa ushahidi tu.

Kisha likazuka swali la mitambo yenyewe. Ilikuwa bado ipo Dar es Salaam, inafanya kazi, na umeme bado haukutosha. Mwaka 2009 wakubwa wa TANESCO walitaka kuinunua. Walizuiwa na hasira ya Bunge, na pia na lile katazo la vitu vilivyotumika. Mwaka 2011 mitambo ilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani, Symbion, ikaendelea kuuzia nchi umeme. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Ununuzi, Na. 7 ya 2011, ambayo pamoja na mambo mengine iliruhusu kununuliwa kwa meli, ndege na mitambo ya reli iliyotumika, kwa masharti. Wapo waliosema kwamba hayo yalikuwa kulegeza. Maoni yaliyo ya haki zaidi ni kwamba katazo la jumla lilikuwa uvivu wa mtunga sheria: halikumfundisha mnunuzi kutazama meno ya ng'ombe, lilimwambia asinunue ng'ombe mzee kabisa.

Sheria ya 2011 haikuanza kutumika mpaka Desemba 2013, kanuni zake zilipokuwa tayari. Miaka miwili ya kungojea kanuni za kuharakisha ununuzi. Iliweka muda wa kungoja kati ya tangazo la nia ya kumpa mtu zabuni na kutiwa sahihi, siku 14, ili aliyeshindwa apate kulalamika wakati malalamiko yake bado yanaweza kuokoa kitu. Mtu aliyesoma habari ya Dowans ataona kwamba siku hizo 14 zina thamani kuliko kurasa nyingi za sheria. Ama juu ya dharura, kanuni zilifuata maneno ya ile sheria ya mfano ya 1994: haraka isiwe ile ambayo ofisi ingeweza kuitazamia, wala iliyoletwa na uzembe wake yenyewe. Maneno hayo ni mazuri. Kiangazi katika nchi ya joto chaweza kutazamiwa. Mwisho wa mwaka wa fedha, tarehe 30 Juni, wajulikana kuliko Idi. Hata hivyo kila mkaguzi amekutana na ofisi iliyokaa miezi 10 bila kununua cho chote, kisha Mei ikapatwa na dharura.

Rais John Magufuli alipoingia madarakani Novemba 2015 alilalamika mbele ya watu mara kwa mara kwamba sheria yenyewe ndiyo inayopandisha bei: kitu cha dukani cha shilingi elfu kumi, kikipita katika zabuni, huuzwa serikalini kwa bei maradufu. Lawama hiyo ilikuwa na msingi. Mzabuni hutia katika bei yake gharama ya kungoja malipo, ya makaratasi na, katika ofisi nyingine, ya mambo yasiyoandikwa. Marekebisho ya 2016 yalirahisisha kununua moja kwa moja kwa mwenye kiwanda, yakaruhusu kupatana juu ya bei iliyozidi ile ya soko, yakatenga sehemu ya ununuzi, ambayo kanuni ziliiweka kuwa asilimia 30, kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Pia yalipunguza muda wa kungoja ukawa siku saba za kazi. Katika miaka hiyo shule na zahanati nyingi zilijengwa na mafundi wa mtaani badala ya makandarasi, na kamati za wanakijiji zikahesabu mifuko ya saruji. Makandarasi walinung'unika, na si bure, maana mfuko uliohesabiwa vyema hauzuii ukuta uliojengwa vibaya kupasuka. Lakini uchungu ule wa mwenye ng'ombe ulirudi kwa kiasi fulani, kwa kuwa waliohesabu saruji ndio wazazi wa watoto watakaokaa ndani.

Sheria iliyopo sasa ni Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika 2024. Imewapa wazawa nafasi kubwa kuliko zote zilizotangulia, na kandarasi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zimetengwa kwa ajili yao. Kubwa zaidi kwa desturi ni kwamba bahasha imekwisha. Tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma hufanywa kwa mfumo wa kompyuta ujulikanao kwa kifupi NeST, uliojengwa hapa nchini na kuchukua mahali pa mfumo uliotangulia. Sanduku la chuma lenye kufuli mbili, karani wa kupokea, mzabuni anayekimbia ngazini saa nne kasoro dakika mbili, yote hayo yamekuwa historia. Siri ya kabla ya saa hushikwa na mashine, na mashine haina shemeji.

Dharura, walakini, imo pia katika sheria ya 2023, nayo haikuwezekana isiwemo. Mafuriko yakivunja daraja hakuna mtu mwenye akili atakayetaka zabuni itangazwe kwa majuma manne huku wagonjwa wamekwama ng'ambo ya mto. Mfumo unaweza kuandika saa ambayo ofisa aliomba kupita mlango ule, na jina la aliyemfungulia. Kama haja yake ilikuwa ya kutazamiwa au la, mfumo hauulizi. Swali hilo limebaki kwa Afisa Masuuli, kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye hufika hesabu zikiwa zimefungwa, na kwa Bunge, ambalo katika habari ya Richmond liliunda Kamati yake miezi 17 baada ya sahihi kukauka.